Uzi wa Shingo

2 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisalimie Fundi Saa, pamoja na saa zake zote, zinazotembea na zilizolala. Mama ameniandikia kwamba ile saa kubwa ya ukutani anayoitengeneza mumeo sasa inagonga mara kumi na tatu adhuhuri, na kwamba majirani wameshaizoea. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mimi ni mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama kamba za dobi, kwa hiyo kila asubuhi naamka nikitazamana na mashati ya watu nisiowajua. Kazi ya masijala inakwenda. Sijapoteza faili hata moja. Nakuambia hivi kwa hofu, maana nikishalisema jambo kama hilo huwa linanigeuka. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Masijala, ni mwanamke mfupi mwenye miwani ya machoni na nyingine ya kichwani, na hujui ataitumia ipi kukutazama. Anasema karatasi ikiwekwa pasipo pake ni sawa na kuichoma moto, tofauti ni moshi tu. Tangu aniambie hivyo, kila faili nalihakikisha mara mbili.

Sasa shida yangu. Muda wangu wa majaribio unakwisha mwishoni mwa Mei. Nitaitwa mbele ya kamati, nao wakiridhika nitathibitishwa kazini. Naomba unishonee suti. Sikutumii namba, nakumbuka yule mteja aliyekutajia namba kwa simu, ukamshonea koti la kumtosha yeye na mdogo wake. Ndani ya bahasha utakuta nyuzi tatu, kama ulivyonifundisha. Wenye fundo moja ni wa kiuno, wenye mafundo mawili ni wa kifua, wenye matatu ni wa shingo.

Hii ni ofisi ya watu wa vipimo, Shangazi. Rafu zetu zinafika darini, na tunazipanda kwa ngazi ya mbao yenye kibati kilichoandikwa: MWISHO KILO 80. Mzee Bahasha, karani mkongwe wa meza ya pili, ananiambia kabla ya kuthibitishwa mtu hupimwa afya, na uzito wake huandikwa kwenye fomu. Nakutajia tu ili uone walivyo makini.

Mwana wa kaka yako

&nbsp;

16 Februari

Karani wetu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Fundi Saa anasema saa yake haijakosea, ule mlio wa kumi na tatu ni nyongeza kwa wateja. Nimemwambia mimi nikimwongezea mtu mkono wa tatu kwenye shati sitaeleweka. Mama yako yuko sawa, goti lake limetulia, na sauti yake inasikika mpaka kwangu kila akimwita kuku.

Nyuzi zimefika. Nimezilaza mezani nikaona kama nimekaa na wewe. Nina kitambaa cha kijivu, rangi ya penseli, nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya mtu wa maana. Miaka miwili hajatokea, basi utavaa wewe. Ila usinikimbize. Nina sare za shule arobaini, zote sketi za marinda. Mkasi wa suti nitaushika Aprili.

Haya, nikuulize. Unakula? Barua yako ina mashati ya dobi, ina rafu, ina hata ngazi, lakini haina sahani hata moja. Wewe ambaye darasa la pili uliambiwa uandike insha ya safari ya treni, ukaandika ukurasa mzima kuhusu mayai ya kuchemsha tuliyobeba, na treni ikaja mstari wa mwisho.

Shangazi yako

&nbsp;

7 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za goti la Mama. Mwambie asipande tena kwenye kigoda kuangalia vifaranga, hata kama ni vya kwake.

Kuhusu kitambaa, rangi ya penseli itanifaa sana. Naomba tu usikikate bado. Nimeamua kupungua kidogo, na nyuzi nilizokutumia mwanzo hazina kazi tena. Nimeweka mpya humu. Nimejipangia vizuri, kwa karatasi: asubuhi chai kavu bila sukari, mchana yai moja na tango, jioni maji ya moto. Mpango ni rahisi kuukumbuka. Katika mwezi mmoja nimeondoa kilo saba. Ofisini wananisifu. Mzee Bahasha ananiita Kijana wa Magazetini, na watu wa ghorofa ya juu, ambao hawajawahi kunitazama, sasa wananiuliza siri yangu.

Naona baridi kidogo. Navaa sweta masijala huku wenzangu wakijipepea kwa majalada. Labda ni upande niliokaa.

Jana mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hushona viatu, alijichoma kidole kwa msharasi, ile sindano nene ya ngozi, nikakumbuka kucha yako ya mkono wa kushoto iliyopinda. Hukuwahi kutusimulia ilipatwa na nini. Ulikuwa ukisema cherehani iliuma, basi.

Mwana wa kaka yako

&nbsp;

21 Machi

Karani wetu,

Marahaba. Vifaranga wamefika kumi na mmoja, na mama yako ameshawapa wote vyeo. Saa ya ukutani sasa inagonga mara moja tu kwa siku, tena wakati inaotaka yenyewe. Fundi Saa anasema hayo ni maendeleo.

Kucha yangu iliumwa na cherehani. Habari imekwisha.

Sasa njoo mezani. Nimezilaza nyuzi zako za Machi kando ya zile za Februari. Kiuno kimepungua vidole vitatu. Sawa, mtu akipunguza kitambi nampigia makofi. Hata mimi jioni nimeshuka kutoka mikate miwili hadi mmoja na nusu, na huo nusu naulilia. Kifua kimepungua, haya. Lakini uzi wa shingo nao umepungua kidole kizima. Baba, shingo yako haikuwa na kitambi. Nimepima shingo za watu kwa miaka thelathini na minne. Nimeona shingo ya mgonjwa, nimeona shingo ya mfiwa. Ya mtu mzima wa afya haiendi mbio hivyo ndani ya mwezi, ila anapokuwa anajila mwenyewe.

Nani anakukimbiza? Ni msichana? Kama ni msichana niambie, nimshonee yeye gauni nione kama naye anaishi kwa tango.

Nitumie uzi wa nne, wa kifundo cha mkono. Na uniandikie ulichokula jana, si kilicho kwenye mpango.

Shangazi yako

&nbsp;

10 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Natumaini nyumbani hawajambo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Hakuna anayenikimbiza na hakuna msichana. Siku hizi nakula vizuri, mara tatu kwa siku, pamoja na matunda, na nyuzi ninazoziweka humu zitakuonyesha kwamba nimenenepa tena kidogo. Uzi wa nne nimeusahau.

Ofisini hali si nzuri. Kuna barua iliyotoka bohari ambayo haionekani. Mama Masijala ameifungulia makabati yote tangu Jumatatu, kwa miwani zote mbili. Mzee Bahasha alisema, kwa utani tu, kwamba karatasi haina miguu. Nikamjibu vibaya mbele ya watu. Sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya maishani mwangu. Baadaye nilikaa chooni nikajaribu kukumbuka nilichomwambia, nikashindwa.

Kitana changu kinajaa nywele. Nadhani ni maji ya huku.

Nyumbani wote nawasalimu.

Mwana wa kaka yako

&nbsp;

14 Aprili

Wewe mtoto,

Marahaba. Barua hii naipeleka mwenyewe kituoni kwa basi la asubuhi, kwa hiyo salamu za kuku utazipata siku nyingine.

Uzi wako wa kiuno na uzi wako wa kifua ni sawasawa. Nimezipima mara tatu, nikamwita Fundi Saa akazipima kwa kile kirula chake cha vyuma vidogo. Mwenye kiuno na kifua sawa ni pipa, au ni mtu aliyekaa mezani akakata nyuzi kwa kukisia. Tena uzi uliozungushwa mwilini huwa na mkunjo pale kidole kilipoubana. Hizi zimenyooka kama zimetoka kwenye kidonge cha uzi leo. Umenishonea uongo, na umeushona vibaya. Sikukufundisha kazi mbovu namna hii.

Umeulizia nyumbani mara mbili na hukuona. Nywele zinatoka. Unasikia baridi. Unamtukana mzee na hukumbuki ulichosema. Mimi hayo yote nayajua, na nitakuambia nimeyajulia wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasubiri kuolewa na Fundi Saa. Nikajishonea gauni dogo kuliko mimi, kwa makusudi, nikaapa nitalifikia. Wiki tano nilikunywa chai na kufyonza malimau. Kila mtu alinisifu. Nilikuwa nasikia baridi jua la mchana, nikipiga kelele kitambaa kikikunjamana. Zikiwa zimebaki siku tisa, saa nne asubuhi, nilikuwa naunganisha bega la gauni lenyewe, mara ukuta ukaondoka. Nilipozinduka, kichwa kilikuwa juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali, na sindano imepita kidoleni ikatokea upande wa pili. Fundi Saa alikuwa amekuja kuleta saa ya baba. Yeye ndiye aliyeligeuza gurudumu kwa mkono, polepole, jino kwa jino, mpaka sindano ikapanda. Kisha akazimia yeye.

Gauni alilivaa dada yake. Mimi niliolewa na la kuazima, na kwenye picha zote mkono wa kushoto uko nyuma. Watu husema, angalia bibi harusi alivyokuwa na haya. Haya gani, bandeji ilikuwa kubwa kama kabichi.

Hilo tulikuwa tunalijua wawili. Sasa tuko watatu.

Usiguse faili jingine kabla hujaenda zahanati. Mama yako sijamwambia. Nimesema sijamwambia, sikusema sitamwambia.

Shangazi yako

&nbsp;

24 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako ilinifikia tarehe 16. Ilichelewa siku moja.

Tarehe 15, kabla ya mchana, nilitumwa kushusha jalada la rafu ya juu. Nilikuwa kipago cha tatu kutoka mwisho wa ngazi, mkono mmoja uko kwenye jalada, nikasikia masikio yanaziba kama nimeingia majini. Taa zikafifia. Niliwaza kwamba umeme umekatika, na niliwaza kwa utulivu kabisa. Kisha niko chini, nimekalia rundo la majalada ya likizo, na Mama Masijala ananipepea kwa moja. Sikuvunjika popote. Niliteleza na rafu mpaka chini, ndiyo maana majalada yalinitangulia. Mzee Bahasha ndiye aliyenipeleka zahanati, amenishika mkono njia nzima kama kipofu, na hakunikumbusha yale niliyomtukana. Nilipomwomba radhi alisema, "Hata kutukana ulitukana vibaya. Uliniita mwanafunzi."

Muuguzi wa zahanati ni mwanamke mkavu kidogo. Nitakuandikia alivyoniuliza, maana nimeyakumbuka yote.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Yai."

"Moja?"

"Nusu. Nusu nyingine niliiweka."

"Ulimwekea nani?"

Alinipima mapigo nikiwa nimelala, akanipima tena nimesimama, akatikisa kichwa mara zote mbili. Wakanitoa damu. Daktari aliniambia chumvi za damu zimeshuka, na kwamba mwili usiopewa chakula hauli mafuta peke yake. Unakula na nyama zake, na moyo nao ni nyama. Alinieleza kwamba wanaopungua mbio namna yangu wengine hupata mawe kwenye nyongo, wengine hupoteza nywele na usingizi, wengi akili inapungua makali, na karibu wote kilo zinarudi, mara nyingine na wageni. Nilimuuliza kama sasa nile mpaka nishibe. Akasema hapana, nianze kidogo kidogo, milo mitatu, nirudi kila wiki kupimwa, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa ghafla nao unaweza kuharibika. Na muuguzi akaongeza, "Ukipona, ukitaka bado kupungua, njoo tupange. Nusu kilo kwa wiki, unakula maharage, mayai, mboga, unatembea kwa miguu. Mayai mazima."

Sasa nikuambie lile ambalo sikulisema. Februari nilikuwa na kilo 91. Kibati cha ngazi kinasema 80. Kila nikiipanda ilikuwa inalia, nami nikawa naona siku ya kuthibitishwa wanasoma fomu yangu, wanatazama kibati, wananiambia, kijana, kazi ya masijala ni ya ngazi, na wewe ngazi haikuwezi. Basi nikaamua kuifikia ile namba. Siku nilipoanguka nilikuwa na 77. Ngazi haikulia hata kidogo, Shangazi. Ilinibeba vizuri.

Mama Masijala nimemwambia ni joto.

Mwana wa kaka yako

&nbsp;

29 Aprili

Karani wetu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako mpaka chai ikapoa, kisha nikamsomea Fundi Saa, naye akaenda kuitia saa ya ukutani ufunguo, na hiyo ndiyo dua yake.

Namshukuru muuguzi. Nampenda bila kumwona. Mwambie nikija huko namshonea koti.

Sasa kitu kimoja tu. Joto umelitoa wapi? Umeniambia ukweli mimi niliye mbali, na mwenye ngazi uko naye chumba kimoja kutwa nzima umemwachia uongo. Ukibaki na hofu hiyo, wiki mbili tutakula vizuri, na wiki ya tatu tutarudi kwenye tango. Nakujua. Wewe ulikuwa unaficha daftari la hesabu ndani ya pipa la unga.

Nenda kwa huyo Mama. Mwambie, mimi na ngazi yako tuna jambo. Akicheka, acha acheke. Akikufukuza, suti utavaa harusini kwa watu.

Kisha uniandikie.

Shangazi yako

&nbsp;

12 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo nimekula mkate na mayai mawili asubuhi, wali na maharage mchana, ndizi saa kumi. Nakuandikia kilicholiwa. Nywele bado zinatoka lakini sweta nimeliacha nyumbani. Muuguzi ananiita Nusu Yai mbele ya foleni nzima.

Nilikwenda kwa Mama Masijala tarehe 4, baada ya kusimama mlangoni mwake mara mbili nikajifanya nakagua bawaba. Nilimwambia habari ya kibati, namba zangu, kila kitu. Alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akanitazama.

"Wewe kijana," akasema, "unajua mimi nina kilo ngapi?"

Nikasema sijui, na sikuthubutu kukisia.

"Na usikisie. Ngazi hii tangu Novemba nimeiandikia. Nimewaambia bohari, nataka ya chuma, ya kubeba mtu na majalada yake. Bohari wanaapa wamenijibu Machi, kwamba ngazi ipo, niende na barua yao nikaichukue. Bila barua hawatoi. Hiyo ndiyo barua tunayoitafuta."

Nilirudi mezani kwangu, na nikaanza kusikia baridi upya, ingawa nilikuwa nimekula. Maana niliwaza: Machi aliyepokea barua alikuwa mimi. Nikachukua daftari la mapokezi. Tarehe 12 Machi, barua moja kutoka bohari, imepokelewa, saini yangu, inayopanda kama mtu anayetembea mlimani. Ile siku naikumbuka. Ilikuwa wiki ambayo niliacha hata tango. Daftari lilionyesha siku hiyo nilishika majalada sita. Nikayapitia moja moja. Barua ilikuwa kwenye la tano, la likizo za uzazi, katikati ya maombi ya akina mama wawili, imetobolewa na kufungwa vizuri sana. "Tunafurahi kuwafahamisha kuwa ngazi mliyoomba, ya kubeba kilo 150, iko tayari."

Nilisoma mstari huo huku nimesimama. Kwa miezi miwili ngazi yangu ilikuwa imelala bohari, hatua mia tatu kutoka ninapokaa, na aliyeizika ni mimi, kwa njaa niliyojitia kwa ajili yake.

Nakiri jambo, Shangazi. Hakukuwa na mtu masijala. Ningeweza kuifungua, nikaichomeka kwenye jalada la vifaa, kisha nikasema, Mama, imeonekana hapa, tuliipita. Nilishafungua uzi wa jalada. Nikakumbuka nyuzi zilizonyooka. Nikaipeleka ilivyo, pamoja na jalada la uzazi, nikamwonyesha na saini.

Aliisoma saini kwa miwani zote mbili. Kisha akasema itabidi aliandike kosa hili, kwa sababu yeye haandiki nusu. Nikasema ndiyo. Akasema ataandika pia limeletwa na nani. Nikasema asante. Kisha akamwita Mzee Bahasha na kumwambia ngazi yetu imejifungua.

Ngazi mpya ililetwa kesho yake. Haina mlio. Kamati ni tarehe 28, na kosa langu liko kwenye jalada watakalolisoma. Usingizi sipati wote, lakini chakula nakula.

Suti ishone kwa kipimo utakachoona mwenyewe. Mimi vipimo nimeviharibu.

Mwana wa kaka yako

&nbsp;

19 Mei

Karani wetu,

Marahaba. Suti hiyo hapo, imekuja na dereva, amesaini. Mama yako nimemwambia yote jana. Alilia kidogo, akakasirika sana, kisha akachinja kuku mwenye cheo kikubwa kuliko wote, akasema ni wako, ingawa tulimla sisi.

Nimeacha vidole vinne vya kitambaa ndani ya kila mshono, kwa hiyo ukiongezeka inakufuata. Ukipungua kwa nusu kilo za yule muuguzi, nayo itakufuata. Usile tango peke yake siku ya kamati.

Shangazi yako

&nbsp;

1 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Msalimie Mama, Fundi Saa, na kuku waliobaki na vyeo vyao.

Tarehe 28 nilikunywa chai yenye sukari, nikala mkate, mayai mawili na chungwa, nikavaa. Suruali inacheza kidogo kiunoni, koti limekaa kama limenisubiri. Kamati ni watu watatu na jagi la maji. Mwenyekiti alisoma fomu ya afya, akapita penye uzito kama anavyopita penye anwani. Hakutazama mara mbili. Kisha akasoma lile kosa, kimya, na nikasikia saa yao ya ukutani, inagonga sawasawa, nikaisikitikia. Akaniuliza kwa nini barua ya ngazi ilikuwa kwenye likizo za uzazi.

Nikamwambia, "Nilikuwa na njaa, Mheshimiwa. Nilijinyima chakula kwa hofu."

"Na sasa?"

"Sasa nimekula."

Mama Masijala, aliyekuwa amekaa pembeni, alikohoa kukohoa ambako si kwa kifua. Nimethibitishwa. Onyo moja la maandishi, na nimethibitishwa.

Niliporudi chumbani nilivua suti kwa uangalifu, nikaigeuza ili niitundike, nikaona ndani ya mkanda wa suruali maandishi yako ya chaki, yale unayoandika siku ya kukata ili usichanganye wateja. Jina langu, na tarehe: 16 Februari.

Kumbe ulikata siku ile ile nyuzi za kwanza zilipofika. Na zile sketi arobaini, na mkasi wa Aprili, na kupima kwako mezani Machi. Miezi yote ile mimi nakutumia vipimo vya kunipunguza, na suti imeshatundikwa ukutani kwako, ya mtu yule yule niliyekuwa namkimbia. Nilitaka nikuandikie kwamba nawe umenidanganya. Kisha nikafikiri, uongo wako angalau umeushona vizuri.

Leo nina kilo 84. Muuguzi ameridhika, na Jumamosi natembea mpaka sokoni kwa miguu na kurudi.

Nimeweka humu uzi mmoja. Ni ule wa nne, wa kifundo cha mkono, ulioniomba Machi nikasema nimesahau. Sikuwa nimeusahau. Niliupima siku ile nikauona ulivyo mfupi, nikaogopa kuutuma, nikautupa. Huu ni mpya. Utazame kwa mwanga: una mkunjo pale kidole kilipoubana, na una doa dogo la mafuta, kwa sababu nimeupima nikiwa bado nakula.

Mwana wa kaka yako